Macho ya Kuazima

Kwa miaka miwili mimi nilikuwa macho ya babu yangu. Sisemi kwa fumbo. Babu alishika usukani, mimi nilikaa kushoto kwake, na kazi yangu ilikuwa kuona. Tukitoka Muheza na machungwa, nikimwona mtu wa baiskeli mbele yetu nagonga dashibodi mara moja. Tuta, mara mbili. Mbuzi au ng'ombe, mara tatu. Gari likija limewasha taa fuli namwambia kwa mdomo, "Babu, shika kushoto," naye anashika kushoto mpaka lipite. Hatukukaa siku hata moja tukakubaliana kuwa hii ndiyo kazi. Ilikuja yenyewe, kama mazoea ya nyumbani yanavyokuja, na mwishowe hakuna aliyekumbuka kwamba zamani haikuwa hivyo.

Msomaji mwenzangu, naandika habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, kuna mtu anachechemea Pongwe, na nina deni lake. Pili, vijiweni watu wanabishana kila siku: wazee wawekewe ukomo wa umri barabarani, au wapimwe upya, au waachwe? Kila ninayemsikia anazungumza kama mtu ambaye jambo halijamfika nyumbani. Mimi limenifika.

Babu alianza kazi mwaka 1964, ana miaka 17, utingo wa lori la mkonge. Mwaka ule nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na mpaka leo wazee wa Tanga wakiutaja sauti zao hubadilika. Leseni aliipata 1967, mwaka ambao mashamba mengi yalitaifishwa. Halafu dunia ikahamia kwenye kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakarudi kuwa pori. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkonge wa nchi nzima haukufika hata tani 40,000. Lori la babu lilikuwa limekwisha kufa zamani. Yeye akabaki na ujuzi mmoja tu, gari. Akahangaika huku na huku, mwisho akanunua pikapu, Peugeot 504, mzee mwenzie. Hiyo pikapu ndiyo iliyowasomesha mama yangu na wajomba zangu, ikanifikisha na mimi kidato cha nne. Pensheni hana. Pensheni yake ina magurudumu manne.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka sikuchaguliwa kuendelea. Nikarudi Ngamiani na daftari langu la riwaya chini ya kwapa. Babu akaniangalia, akasema, "Haya, mwandishi. Hata mwandishi hula. Njoo unipakilie machungwa."

Mara ya kwanza kushtuka tulikuwa Mkanyageni. Mbele yetu mkokoteni umesimama, nusu uko barabarani. Nikangoja apunguze mwendo. Wapi! Nikapiga kelele, "Babu, mkokoteni!" Akakata usukani, tukapita kwa unene wa ganda la chungwa. Kimya mpaka Pongwe. Kisha akasema, "Jua lilinipiga machoni."

Asubuhi ile kulikuwa na mawingu.

Ningeweza kusema siku ile ile. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Nyumbani tulikuwa watu saba, na unga, mafuta, ada za wadogo zangu, vyote vilitoka Soko la Mgandini pale tulipokuwa tukishusha mzigo. Halafu kuna heshima. Mtu amekulea, umemwamkia shikamoo tangu ulipoanza kusema, leo umwambie, "Babu, huoni"? Unaanzaje? Na iko sababu ya tatu, hii naiona aibu: nilipenda. Nilipenda kuwa mtu ambaye bila yeye gari haliendi. Mtu aliyefeli shule hapati nafasi nyingi za kujiona wa maana.

Mwaka 2023 leseni yake ilikwisha, nikamsindikiza kwenda kuihuisha. Alivaa shati jeupe na kofia yake ya viua, utadhani anakwenda kuposa. Fomu nilimjazia mimi, maana maandishi yale madogo hakuyaona. Akapigwa picha, akalipa. Hakuna aliyemwambia, "Mzee, hebu nisomee herufi zile ukutani." Zamani leseni zetu zilikuwa za miaka 3, tangu 2019 ni miaka 5. Basi babu, mwenye miaka 76, akatoka na kadi ya kumfikisha 81. Nje akanionyesha ile kadi huku anacheka: "Serikali imeniona mzima. Wewe nani?" Nami nikacheka. Lakini aliyejaza fomu ni nani? Ni mimi.

Ilikuwa Julai mwaka uliofuata, msimu wa machungwa. Tulichelewa kupakia, tukatoka Muheza Magharibi imekwisha ingia. Mimi nina daftari mapajani na tochi ya simu nimeiwasha. Sura ya nne ya riwaya yangu ilikuwa imenikwama wiki tatu, na jioni ile, sijui kwa nini, maneno yakafunguka. Nikaandika. Nikaandika tu, gari linarukaruka, herufi zinakwenda kombo, sijali. Nikasahau kuwa mimi ndiye macho.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Kama gunia la nazi limeanguka kutoka juu. Babu akapiga breki, machungwa yakamwagika barabarani, yakabiringika mpaka mtaroni. Kijana wa rika langu alikuwa amelala pembeni, baiskeli imekunjika, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Watu wakajaa. Trafiki akafika, akauliza imekuwaje. Babu mdomo umemkauka, hawezi kutoa neno. Nikajibu mimi.

"Afande, baiskeli haina taa. Imekatiza ghafla."

La kwanza lilikuwa kweli, baiskeli haikuwa na taa. Ndilo lililoubeba mgongoni uongo wa pili. Wazee wa pande mbili wakakaa, matibabu tukalipia sisi, mambo yakaishia hapo. Na mimi usiku ule nikamalizia sura ya nne. Naandika hili mlijue.

Baada ya mwezi nikaenda kumtazama. Nilikuta amekaa kibarazani, mguu una plasta. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaniuliza, "Yakhe, nikuulize. Babu yako ana nini? Mimi nilikuwa nishafika katikati ya barabara. Taa zenu hafifu, lakini ndani ya gari kulikuwa na mwanga, nikamwona uso wake. Macho yako wazi, ananitazama mimi. Nikasema, basi, kaniona, atasimama."

Ule mwanga ndani ya gari ulikuwa tochi yangu. Ilimwonyesha yeye babu, na babu ikamzidishia kiza.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Babu ana hoja zake, sitaki kuzificha kwa sababu ni babu yangu na kwa sababu nyingine ni za kweli. Anasema, "Miaka hamsini na ushei sijagonga hata kuku. Hao vijana wenu wa bodaboda wanavunja watu miguu kila siku, mbona hamuwawekei ukomo wa umri?" Kweli. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu karibu milioni 1.2 kwa mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Ulevi, mwendo kasi na usingizi havingoji mvi. Ukiweka sheria kwamba mwenye miaka 70 ashuke kwenye gari, utamshusha mzee anayeona mpaka sindano, umwache kijana wa miaka 25 aliyelewa gongo. Hiyo si haki, na wala si usalama.

Lakini babu naye anasahau kitu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde linakula mita 22. Ukichelewa kuona kwa sekunde moja, ustadi wako wa miaka hamsini umebaki nyuma mita 22. Hata uwe fundi namna gani, huwezi kukikwepa usichokiona.

Wala si shida ya maskini wa Tanga peke yao. Januari 2019 Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, akiwa na miaka 97, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham. Katika barua ya kumwomba radhi mwanamke mmoja aliyeumia, alieleza kuwa jua lilikuwa chini na hakuliona lile gari. Niliposoma habari hiyo niliweka gazeti chini. Jua! Mwana wa mfalme na dereva wa mkonge wametumia udhuru mmoja. Tofauti ni kwamba mwezi uliofuata yule wa Uingereza aliisalimisha leseni yake kwa hiari. Madereva wa kumwendesha hakuwakosa. Wakati ule kwao dereva akifika miaka 70 alihuisha leseni kila miaka 3, lakini kwa kujitangazia mwenyewe kuwa ni mzima. Na nani atajitangazia ubovu? Aprili mwaka huo huo, Ikebukuro, Tokyo, mzee wa miaka 87 aliwagonga na kuwaua mama na binti yake wa miaka 3. Ujapani wenye miaka 75 kwenda juu walikuwa tayari wanapimwa akili na kumbukumbu wanapohuisha leseni. Tangu 2022 wenye makosa fulani ya barabarani hurudishwa pia nyuma ya usukani, wajaribiwe kuendesha.

Kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Mlango wa kuingilia una namba: miaka 18 ndipo uendeshe gari. Mlango wa kutokea hauna. Dereva wa serikali hustaafu kwa lazima akitimiza 60, na kesho yake anaweza kupanda lori la mtu binafsi. Yaani serikali imemwona mzee kwa gari lake, barabara ile ile ikamwona kijana kwa gari la mwingine.

Rai yangu ni hii, nanyi mnaweza kuikataa. Ukomo wa umri, hapana. Kupimwa, ndiyo, na tuanze na macho. Kila anayehuisha leseni, awe na miaka 20 au 80, apimwe macho na mtu wa macho, asijaziwe fomu na mjukuu. Akivuka 65, leseni yake iwe ya mwaka mmoja au miwili, na kila mara akae nyuma ya usukani na mtahini pembeni, mchana na usiku. Anayeona mchana lakini usiku haoni, apewe leseni ya mchana. Bora nusu ya mkate kuliko mguu wa mtu. Na kipimo kiwe karibu, kisimgharimu nauli ya kwenda kulala mji wa mbali. La mwisho ni gumu kuliko yote: mzee akinyang'anywa leseni, nyumba ile itakula nini? Wasiouliza swali hili ndio wanaotufanya sisi wajukuu tugonge dashibodi.

Mimi nilikwenda kwa daktari wa macho kabla ya babu, nikamweleza kila kitu, kisha nikampeleka babu kwa hila kwamba tunakwenda kuchukua miwani. Jicho la kulia, mtoto wa jicho. Huyo hutolewa, na ametolewa. La kushoto, presha ya macho. Daktari akatueleza kuwa ugonjwa huu huanza kula pembeni kimyakimya, mtu akabaki anaona mbele tu kama anayechungulia kwenye bomba, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Babu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si daktari.

"Ulijua lini?"

"Tangu Mkanyageni, babu."

"Na ukakaa kimya."

Sikuwa na jibu. Nilidhani atanigombeza kwa kumchongea kwa daktari. Yeye alinigombeza kwa kutomchongea mapema. Nje ya geti akanikabidhi funguo bila kunitazama.

Pongwe nilirudi na habari hii, imeandikwa kwa mkono, nikamsomea yule ndugu pale pale kibarazani. Nilipofika kwenye "Imekatiza ghafla" sauti ilinikatika, akaniambia, "Soma." Nikasoma mpaka mwisho. Akakaa kimya kitambo, akasema niichape, ila jina lake nisilitaje. Sijalitaja. Kama amenisamehe hakusema, nami sikumwuliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee anayesema jua limempiga machoni siku ya mawingu, usiwe macho yake. Mwambie. Atakasirika, na utaona vibaya, na huenda siku hiyo msile vizuri. Mwambie hivyo hivyo.

Pikapu ipo chini ya mwembe. Kila Ijumaa asubuhi babu anaiosha mwenyewe, anapitisha mkono kwenye bodi kama anayetafuta kitu, halafu anakwenda msikitini kwa miguu. Funguo ninazo mimi. Nimejiandikisha kujifunza gari, na siku ya kwanza nitaomba nipimwe macho.