Ziara ya madrasa katika jumba la mfalme, Nyanza



Likizo hii tuliwachukua vijana wa madrasa kutoka Kigali hadi Nyanza, kusini mwa Rwanda, kuona makumbusho ya jumba la mfalme pale Rukari. Baadhi ya wazazi walinong'ona: madrasa na mambo ya kijahiliya wapi na wapi? Ni swali la haki, maana kibanda kimojawapo pale ni cha pombe.

Pale huangalii vitu nyuma ya kioo. Unaingia ndani ya nyumba kubwa ya nyasi, iliyojengwa upya kwa mfano wa ile ya kale. Nyuma yake vipo vibanda viwili: cha pombe, ambacho zamani kilitunzwa na kijana wa kiume, na cha maziwa, kilichotunzwa na msichana asiyeolewa. Nje wapo ng'ombe wa inyambo, pembe zao ndefu ajabu, na wachungaji huwaimbia. Watoto walinyamaza kimya, jambo ambalo darasani silipati hata nikiomba!

Kibanda cha pombe tulikipita tu. Kwenye cha maziwa tulikaa, nikawakumbusha aya ya 66 ya Suratun-Nahl, inayotaja maziwa safi yatokayo baina ya kinyesi na damu.

Hapo kijana mmoja akasema, "Ustadh, haya ni ya Wanyarwanda. Sisi si Waswahili?"

Neno hilo lilinichoma. Huku kwetu "Mswahili" ni jina la Mwislamu. Uislamu uliletwa na wafanyabiashara wa pwani na askari waliokuja na Wajerumani, Msikiti wa Al-Fatah ukajengwa Kigali mwaka 1913, na wakoloni wakatuweka mitaa ya peke yetu kama wageni. Lakini bibi yake kijana huyu alizaliwa kwenye vilima hivi hivi, akikamua ng'ombe kabla ya kusilimu. Nikamuuliza: Salman (r.a.) aliposilimu, aliacha kuitwa al-Farisi? Na Bilal (r.a.), aliacha kuwa Mhabeshi? Akafikiri kidogo, kisha akaenda kumuuliza mchungaji majina ya ng'ombe.

Safari ijayo, inshaallah, ni Huye, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1989. Wazazi wenye shaka karibuni, nafasi katika basi zipo.

Wabillahi tawfiq.