Nani anakula kamba wangu?

Jamani, kufuga viumbe wa baharini sebuleni kuna mambo! Samaki wangu wanadunda tu, lakini kamba na kaa wakawa wanapotea mmoja mmoja. Leo sita, keshokutwa watano. Mzoga hakuna, harufu hakuna. Mama watoto akamgeukia dada wa kazi: "Huyu anawakaanga!" Binti wa watu akaanza kufunga mizigo huku analia.

Nikasema ngojeni kwanza. Usiku nikazima taa, nikakaa na tochi yangu. Mnamo saa nane kamba mmoja akavua gamba lote, hadi la macho na ndevu, kama mtu avuaye koti. Ndiyo maumbile yao. Gamba halikui, kwa hiyo lazima walivue ili waongezeke mwili. Balaa ni kwamba gamba jipya huwa laini, na mpaka likaze mwenyewe hana ujanja. Kaa mkubwa akatoka chini ya jiwe taratibu, akamdaka. Gamba lililovuliwa nalo akalitafuna!

Kesi ikaishia hapo. Mama watoto akaomba radhi, binti akafungua mizigo. Kaa nikamhamishia tanki lake peke yake, na kamba nikawapangia mawe yenye matundu ya kujificha.

Nawe mwenye tanki, ukikuta gamba tupu usianze matanga, huenda mwenyewe yuko mafichoni. Na samaki wakiugua, soma chupa ya dawa kwanza: yenye shaba huua vimelea vya samaki, lakini na kamba na kaa inawamaliza.