Mwamba, Mvua na Kijana wa Brighton

Ukiniuliza leo ni opera ipi ya roki iliyobaki nami, nitakutajia Quadrophenia kabla hujamaliza swali. Mwanzoni haikuwa hivyo. Nilipokwenda Uingereza kusomea uuguzi mwaka 1972, iliyonishika ilikuwa Jesus Christ Superstar, na sababu yake ilitoka nyumbani.

Mimi ni mzaliwa wa Freretown, Mombasa, mtaa ulioanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kwetu kwaya ilikuwa kazi ya ukoo. Ijumaa Kuu habari za Mateso zilisomwa kwa sauti mbalimbali: huyu Pilato, yule Petro, na waumini wote ndio umati unaodai asulubiwe. Nao majirani zetu Waislamu walighani tenzi usiku kucha. Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa kwamba kisa kirefu huimbwa. Kwa hiyo nilipoisikia albamu ile katika bweni la wauguzi Brighton, umbo lake nililitambua mara moja. Kilichonishtua ni kwamba wa kwanza kuimba ni Yuda, tena anaimba kama mtu mwenye hoja.

Andrew Lloyd Webber alikuwa na miaka 22 na Tim Rice 25 ilipotoka mwaka 1970. Hawakupata wa kuwagharimia jukwaa, wakaitoa kwanza kama santuri mbili. Sauti ya Yesu ni ya Ian Gillan wa Deep Purple, na pale Gethsemane anapopanda juu kabisa, kwangu ile ilikuwa sala ya kweli, kweli kuliko nyingi nilizozisikia madhabahuni. Wenzangu bwenini hawakukubaliana nami. Mwuguzi mmoja Mjamaika, mlokole, alitoka chumbani kila ilipowekwa, kwa sababu kisa kinaishia kaburini na hakuna alfajiri ya Jumapili. Nilimheshimu. Lakini aliyelelewa na Ijumaa Kuu anajua kwamba siku ile nayo huishia kaburini, na watu hurudi nyumbani kimya.

Tommy ya The Who, ya mwaka 1969, niliifikia nyuma. Mtoto anaona katika kioo baba yake aliyerudi kutoka vitani akimwua mpenzi wa mama, na wazazi wanamwambia hakuona, hakusikia, na asimwambie mtu. Anakuwa kiziwi, bubu na kipofu. Kama mwuguzi niliihudumia ile habari kila wiki: mtoto anayenyamazishwa ili heshima ya nyumba isivunjike. Wodini niliwaona, na Mombasa niliwaona pia. Mtunzi wake, Pete Townshend, alikuwa mfuasi wa Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa Kihindi aliyeishi miaka mingi bila kutamka neno, na kimya kile kimeingia ndani ya muziki. Ila tangu kioo kinapovunjwa na Tommy kupona, kisa kinakimbia. Wafuasi wanajaa, wanaasi, basi. Nusu ya kwanza bado naiona kazi kubwa sana. Ya pili naisikiliza kwa ajili ya magitaa.

Kisha The Wall. Agosti 1980 nilipanda treni hadi London kuwaona Pink Floyd katika ukumbi wa Earls Court, na sitasahau. Wafanyakazi walijenga ukuta wa matofali ya karatasi ngumu mbele ya bendi, tofali juu ya tofali, huku muziki ukiendelea, hata ilipofika mapumziko wanamuziki walikuwa wamepotea kabisa nyuma yake. Mwalimu mkubwa wa kujazwa upepo, kazi ya mchoraji Gerald Scarfe, aliinama juu yetu. Katika nusu ya pili David Gilmour alitokea kileleni mwa ukuta akipiga gitaa, taa zikimtoka mgongoni, na watu waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza. Mwishoni ukuta ukaporomoka, na wale wanamuziki wakapita mbele ya kifusi wakipiga vyombo vidogo visivyo vya umeme.

Usiku ule nilikuwa na jambo jingine moyoni. Miezi mitatu kabla, serikali ya makaburu ilikuwa imepiga marufuku wimbo wa watoto wa shule kutoka albamu hiyo, kwa sababu wanafunzi wa Afrika Kusini waliokuwa wakigomea elimu ya kibaguzi waliufanya wimbo wao. Sauti zile za kitoto zilirekodiwa Islington, London, na zilipopaa ukumbini mimi niliwasikia wa Cape Town. Sidhani kuna albamu nyingine ya aina hii iliyopata heshima kubwa kama ile, ya kuimbwa na wanaoihitaji.

Hata hivyo nyumbani kwangu haikudumu. Mtunzi wake, Roger Waters, alimpoteza baba yake vitani huko Anzio mwaka 1944, akiwa mtoto wa miezi mitano, na maumivu hayo ni halali. Lakini kadiri santuri zinavyosonga, kila mtu mwingine, mama, mke, mwalimu, mshabiki, anageuka tofali tu. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, nimeshika mikono ya watu wanaokata roho, halafu nirudi kumsikiliza mtu anayeona wanadamu wote wamemkosea. Nilichoka.

Quadrophenia, nayo ya The Who, ilikuwa imetoka Oktoba 1973, nami nilikuwa nikiishi katika mji wake. Inaanza kwa mawimbi. Jimmy ni kijana wa London, kazi ya kuzoa taka inamshinda upesi, vidonge vinamvuruga, kwao wanamfukuza, anapanda treni kuja Brighton alikowahi kuwa na furaha. Townshend aliitunga yote peke yake, akampa kila mmoja wa wale wanne wa bendi wimbo wa nafsi moja ya kijana, na nyimbo hizo nne zinarudi tena na tena mpaka zinakutana mwishoni. John Entwistle alipuliza tarumbeta zote. Katika vuli ya 1978 niliona vijana wa makoti ya kijani na Vespa zenye vioo vingi wakijaza mitaa ninayopita kwenda kazini. Walikuwa wakipiga filamu ya albamu hiyo, inayorudia ghasia za vijana za 1964.

Lakini kilichonifunga ni yule mbeba mizigo. Jimmy anamkuta shujaa wake wa zamani, kinara wa vijana wote, amevaa sare mbele ya hoteli, anabeba masanduku ya wageni. Nilimfahamu mtu huyo. Mkenya mwenzetu aliyekuwa mwalimu nyumbani alibeba masanduku katika hoteli ya pwani ile, na barua zake kwa mamake zilisema yuko ofisini. Tulipokutana Jumapili alivaa suti, nasi tulimwita Mwalimu. Townshend hamcheki yule mbeba mizigo. Keith Moon anamwimba kwa sauti inayopasuka kati ya utii wa mchana na ukali aliouficha, na hadi leo siwezi kuusikia wimbo huo nikiwa nimesimama.

Juni 2013 The Who waliipiga yote London, katika ukumbi wa O2. Mwimbaji wao Daltrey alikuwa na miaka 69, Townshend 68. Moon na Entwistle walikwishafariki, lakini Moon alitokea kwenye skrini akaimba sehemu yake, na bendi hai ikamfuata. Nilikwenda na mwanangu. Tukirudi ndani ya treni akaniuliza, “Mama, yule kijana mwishowe anakufa?”

Nikamwambia haiwezekani. Katika santuri tunamwacha juu ya mwamba, baharini, mvua inamnyeshea, naye anaimba kwa nguvu kuliko wakati wote wa kisa. Akanibishia kwamba katika filamu pikipiki inatumbukia kutoka jabali la Beachy Head. Nikamwambia pikipiki, ndiyo. Atazame tena mwanzo wa filamu hiyo hiyo: Jimmy anaonekana akitembea, anaondoka ukingoni, jabali liko nyuma yake.