Bagamoyo siyo bichi peke yake!

WENGI wetu tukisikia Bagamoyo, akilini inakuja bichi, kamba wa kukaanga na kupiga picha kule kwenye magofu ya Kaole. Si vibaya, kula maisha. Lakini wiki hii nataka nikupeleke upande ambao vijana wa Dar tunaupita mbio kama vile hautuhusu, yaani Misheni ya Wakatoliki, ile iliyo mwisho wa njia ya miembe. Nakuonya mapema, msomaji wangu, safari hii ina dini ndani yake. Kama we si mtu wa kanisani usikimbie, maana hata mie nimeondoka Dar nikiwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka.

Usafiri hausumbui. Panda basi pale Makumbusho, ni kama kilometa 70 tu. Unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, umefika. Kama unaondoka asubuhi kaa kushoto, jua lote linapiga kulia. Ukishuka stendi, bodaboda wote wanaijua Misheni, ila mie nakushauri utembee, hasa ukiikaribia ile miembe. Ni mikubwa ile mbaya, imepangwa huku na huku na kivuli chake ni kama umeingia ndani ya nyumba. Kelele za mji zinabaki nyuma.

Sasa, kilichonitoa Dar. Dada yangu kajifungua mtoto wa kiume na akanitaka niwe mama wa ubatizo. Si mnaijua kazi yenyewe? Unashona gauni, unanunua zawadi, unashika mshumaa, mnakwenda kula pilau. Basi nikaenda parokiani kuandikisha jina. Katekista, mzee wa makamo mwenye miwani, akanisomea masharti ya Kanisa: msimamizi wa ubatizo awe ametimiza miaka 16, awe amepokea Komunyo na Kipaimara, na maisha yake yafanane na imani hiyo. Mbili za mwanzo nikapita kwa kishindo. Halafu akavua miwani: "Binti, padre atakuuliza kama unasadiki, na wewe utajibu nasadiki. Unasadiki nini?"

Nikamporomoshea majibu ya darasa la Kipaimara, moja baada ya jingine, bila kumeza mate. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Hayo ni majibu ya mtihani," akasema. "Yesu Kristo ni nani kwako?" Nikasema ni Mkombozi. "Maana yake?" Hapo nikaishiwa pozi. Akaniambia ubatizo bado mwezi mzima, nisiwe na haraka, na kama nina nafasi niende Bagamoyo nikaone ilikoanzia.

Ilianzia hapa kweli, kwa upande wa bara. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, kwa ruhusa ya Sultani Majid. Ndiyo, Sultani Mwislamu. Ufukweni pana msalaba wa kuukumbuka mwaka huo. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki nchini liliadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, na watu walijaa hapa.

Kuna vitu vya kutazama bwana. Kuna mnara wa kanisa la kwanza, unaoitwa Mnara wa Livingstone, kwa sababu Februari 1874 maiti ya David Livingstone ililazwa hapo usiku mmoja. Kina Chuma na Susi na wenzao walikuwa wameibeba kwa miguu kutoka katikati ya nchi ambayo leo ni Zambia, ikapelekwa Unguja na baadaye kuzikwa London. Livingstone alikuwa Mprotestanti, lakini mapadre walimpokea. Kuna mbuyu wenye mnyororo uliomezwa na gome lake. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akifungia hapo punda wake, akauacha mnyororo, mti ukanenepa ukaula! Sasa kimebaki kipande kidogo tu kinachochungulia nje, na kila mtu anataka kupiga nacho picha. Kanisa kubwa linalosaliwa leo ndilo lililokamilika mwaka 1914.

Lakini kilichonishika ni makumbusho, kwenye nyumba ya zamani ya masista. Kuna picha za kale na kuna minyororo. Siyo ya punda hii. Nilikuwa naisoma shuleni, "Bagamoyo ilikuwa kituo cha biashara ya watumwa na pembe za ndovu," nikapata alama zangu nikasahau. Kuiona karibu ni jambo jingine. Ni mizito kwa macho tu.

Mzee aliyekuwa akituzungusha alikuwa na maneno machache na kofia ya ukili. Nikamwamkia shikamoo babu, nikajifanya nauliza la kawaida: mapadre wale waliwapataje watu wao wa kwanza?

"Waliwakomboa, mjukuu wangu."

"Waliwaokoa?"

"Waliwakomboa. Ukiweka simu yako rehani kwa mtu, siku ya kuichukua unaiokoa?"

"Hapana babu, naikomboa."

"Kwa nini?"

"Kwa hela."

"Basi."

Nakwambia nilisimama pale kama nimepigwa na shoti. Maana ndivyo ilivyokuwa. Kabla soko la watumwa la Unguja halijafungwa mwaka 1873, mapadre walikuwa wanakwenda sokoni na pesa mkononi, wanalipa, wanaondoka na watoto. Wengine walikuja baadaye, walionaswa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi. Hapa Misheni wakajengewa kijiji. Kwa hiyo neno ambalo nimeliimba tangu nasoma chekechea, neno ambalo kwa vijana wengi wa mjini siku hizi ni jina la benki, hapa lilikuwa na risiti. Kulikuwa na mtoto anayeuzwa, mtu akalipa bei, mtoto akatoka. Na Wakristo wa mwanzo wa hapa walipoambiwa kwamba Yesu ni Mkombozi, hawakuhitaji kufafanuliwa na katekista. Walishawahi kuwa na bei.

Mie sijawahi kuwa na bei. Ndiyo maana neno lilikuwa linapita tu.

Sasa usidhani nilitoka pale nikielea. Lipo swali lililoniwasha, nikalitoa: pesa ile si iliingia mfukoni kwa mfanyabiashara, akaenda kuleta wengine? Na waliokombolewa waliishi vipi? Hili limeandikwa. Padre mmoja Mmarekani ambaye ni mwanahistoria, Paul Kollman, alitoa kitabu mwaka 2005 kuhusu watu hao, na hakupamba. Maisha yalikuwa ya kengele: kengele ya sala, kengele ya shamba, kengele ya sala tena. Ndoa zilipangwa humo humo. Wapo walionung'unika, wapo walioondoka zao. Umekombolewa, halafu unapangiwa mpaka saa ya kulala! Kwa kweli hata sasa sehemu hiyo sijaimeza, na sitaki kuimeza haraka.

Babu hakukasirika. "Ndiyo, wapo walioondoka," akasema. "Lakini wapo waliobaki, na wapo waliotumwa. Hao ndio wa kuwauliza wanasadiki nini, siyo wale watoto wa siku ya kwanza. Mtoto haulizwi."

Waliotumwa ni habari ambayo sikuipata shuleni. Misheni ya Mhonda, huko bara, ilipoanzishwa mwaka 1877, mapadre walikwenda na familia za Kikristo kutoka hapa Bagamoyo, yaani hao hao waliokombolewa. Siku zote mie nilikuwa najua dini hii ililetwa na Wazungu, kwisha habari. Kumbe iliposogea bara ilibebwa pia na watu waliowahi kufungwa minyororo, ambao walikuwa na kila sababu ya kusema jamani, nimechoka na mambo ya watu. Pango la Bikira Maria lililo hapo Misheni, la mwaka 1876, lilijengwa na mikono yao pia. Nikaenda kukaa hapo peke yangu. Kulikuwa na akina mama watatu wanasali Rozari, mmoja mtoto mgongoni.

Nikamfikiria mtoto wa dada. Naye haulizwi! Ana majuma sita, anamwagiwa maji akilia, na anayejibu ni mimi. Mimi mwenyewe nilijibiwa hivyo hivyo na mtu ambaye sasa ni marehemu, na sidhani kama kuna siku niliwahi kukaa nikajijibia. Kipaimara nilikuwa na miaka 13, nikiwaza viatu.

Nikalala Bagamoyo, Jumapili asubuhi nikaenda Misa kwenye lile kanisa la 1914. Kabla ya hapo nilipita makaburini. Mapadre na masista wa mwanzo wengi walikufa vijana, malaria iliwamaliza. Jumlisha na utoe miaka iliyoandikwa kwenye misalaba utashtuka, wengine rika langu kabisa. Kwenye Misa nilikaa mbele, kitu ambacho si kawaida yangu, na nikaona lile tendo ambalo nimeliona mara mia: padre anatia matone machache ya maji kwenye divai. Nilikuwa nadhani anapunguza ukali! Baada ya Misa nikamuuliza sista mmoja. Akacheka sana, akaniambia maji ni sisi, divai ni Kristo, na yakishachanganyika hayatenganishwi. Halafu akaniuliza kama nimeungama karibuni, nikamwambia foleni ni ndefu. "Inasogea," akasema, akanionyesha kwa kidole.

Ilisogea kweli. Ya ndani humo ni yangu na padre.

Saa saba nilikuwa chini ya miembe nasubiri bodaboda, nikampigia dada simu nikamwambia nimekubali kuwa mama wa ubatizo.

"Kwani ulikuwa hujakubali, mdogo wangu?" akashangaa. Akanyamaza kidogo. "Haya, gauni lako linakuwa rangi gani?"