Chungu cha Mama Hakikuwa Kwenye Ratiba

Safari ni hatua, walinena wahenga. Safari ninayotaka kuisimulia ilianza kabla ya hatua ya kwanza kupigwa, na ilianzia kwenye meza ya jikoni katika nyumba yetu ya kupanga jijini Nairobi. Mimi na mke wangu tulikuwa tunakaribia kutimiza mwaka wa pili wa ndoa. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, nami ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, huna haja ya kuambiwa kwamba mfuko wetu si mzito. Hata hivyo, alikuwa amedunduiza akiba ya kutosha mwisho mmoja wa juma, na alikuwa na wazo ambalo sikulitarajia kutoka kwa binti aliyelelewa katika nyumba ambamo kileo hakikuvuka kizingiti. Alitaka tuzuru mahali pombe inakotengenezwa.

"Sitaki kunywa," aliniambia. "Nataka kuona. Tangu utotoni nimefunzwa kwamba pombe ni mbaya, lakini sijawahi kumwona anayeipika."

Alichukua daftari lake la maandalio ya masomo, akapiga mistari kwa rula, akaandika majina matatu: Ruaraka, Naivasha, Kaloleni.

Kuhusu Ruaraka nilikuwa na la kusema. Kampuni ya Kenya Breweries iliasisiwa mwaka 1922, na husimuliwa kwamba George Hurst, mmoja wa waasisi wake, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata. Ndipo bia ikapewa jina la Tusker, yaani ndovu mwenye pembe. Nilimwambia kwamba hapo Kiswahili kilikuwa kimetangulia, kwa maana neno tembo lilikuwa limekwisha kumbeba mnyama na pombe kwa pamoja. Sarufi ndiyo inayotuokoa. Tunaposema "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji", ni kile kiambishi -li- kinachotuhakikishia kwamba anayetiwa maji si ndovu. Mke wangu alicheka, kisha akapiga mstari juu ya Ruaraka. "Hiyo tutaiona tukiwa ndani ya matatu ya Thika Road," alisema.

Naivasha ilimvutia zaidi. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na huko, katika mwinuko wa mita zipatazo 1,900, kuna mizabibu inayotoa mvinyo uitwao Leleshwa, jina la kichaka kinachoota katika Bonde la Ufa. Mvinyo ni neno tulilopewa na Wareno, nikaeleza, nalo limekaa nasi muda mrefu kuliko Wareno wenyewe. Karibu na Ikweta mzabibu haupati majira ya baridi ya kuupumzisha, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamulia msimu wake kwa makasi ya kupogolea. Mke wangu aliandika: "Jumamosi, asubuhi."

Kaloleni ndiyo iliyotusumbua. Pwani si mahali pa kwenda na kurudi kwa siku moja, na tembo la mnazi lina saa zake. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akaufyeka ule ncha wa karara kwa kotama, tabaka jembamba kama kucha, utomvu ukadondoka katika kibuyu. Unapodondoka tu, huanza kuchacha. Asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, na baada ya siku moja au mbili unaelekea kuwa siki. Mgema hangoji wageni wa treni. Nilipendekeza tuliache hilo hadi likizo ya Desemba, tupate pia kupitia Rabai, alikoishi Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Nilikuwa nimenogewa. Nilimweleza kwamba hata neno kidato, kabla ya kuwa mwaka wa masomo katika shule ya upili, lilikuwa pengo linalochongwa katika shina la mnazi ili mgema apate pa kukanyaga. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi juu kwenye makuti. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa mhadhara. Mke wangu aliweka kalamu chini.

"Na kwenu Bungoma je?" akauliza. "Huko hakuna pombe ya kuona?"

"Hakuna," nikajibu.

Nilijibu haraka mno. Alinitazama kwa muda, akaendelea kupiga mistari yake. Usiku huo sikupata usingizi.

Ukweli ni kwamba mama yangu alikuwa mpishi wa busaa. Nayajua mapishi yake kama ninavyojua ngeli za nomino. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukavundikwa siku kadhaa hadi unuke uchachu. Kisha hukaangwa juu ya bati lililowekwa motoni, ukigeuzwa kwa koleo hadi uwe na rangi ya kahawia. Moshi wake hukaa kwenye sare ya shule hata baada ya kufuliwa. Hutiwa majini pamoja na kimea cha wimbi, ukaachwa tena siku chache, kisha ukachujwa. Wazee hukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakanywa na kuzungumza. Katika mizunguko hiyo nilisikia vitendawili, mafumbo na sifa za mashujaa kabla ya kukutana nayo katika somo la fasihi simulizi.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliihalalisha hata chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa za glasi. Mama hakuwa na leseni. Askari walipokuja walimwaga chungu uani, nasi tulilala tukinusa ada ya muhula ikizama udongoni. Kesho yake alivundika unga mwingine. Kwa chungu hicho nilipanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne.

Lau aibu yangu ingekuwa ya askari tu, ningeisimulia zamani, tena kwa fahari. Simulizi za mama maskini aliyesomesha mwana kwa pombe tunazijua, na tunazipenda. Lakini darasani nilikaa dawati moja na kijana ambaye baba yake alikuwa mteja wetu wa kila jioni. Nilimwona baba huyo akitoa noti mfukoni na kumpa mama yangu. Katika kidato cha pili rafiki yangu alifukuzwa kwa sababu ya karo, na hakurudi. Muhula huo karo yangu ililipwa yote. Sikuhitaji mwalimu wa hisabati kunifafanulia.

Nilimweleza mke wangu hayo kabla ya alfajiri. Nilitarajia mojawapo ya mambo mawili: anihukumu kwa mafunzo ya kwao, au anifariji kwa kusema kwamba halikuwa kosa langu. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Huyo rafiki yako yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Anaendesha bodaboda pale sokoni."

"Mmewahi kuzungumza?"

"Tunasalimiana."

Alinyamaza. Kisha akawasha taa, akalileta daftari kitandani, akafungua ukurasa mpya.

Tangu usiku huo nimeifikiria upya ile methali ya mgema. Nimeichambua katika karatasi za mtihani mara nyingi, nikaandika kwamba inaonya dhidi ya sifa zinazomharibu mtu. Sikuwahi kujiuliza ni nani anayeinena. Ni sauti ya mnywaji, aliye chini, anayesubiri kibuyu kishuke. Anahofia tembo lake kutiwa maji. Hasemi neno juu ya vidato, wala kotama, wala mtoto anayesoma kwa fedha zile, wala yule mwingine asiyesoma kwa fedha zizo hizo. Mama yangu hakusifiwa na mtu. Hata mwanawe msomi, alipoulizwa kama kwao kuna pombe, alisema hakuna.

Sisemi tuiache methali, wala sisemi pombe isifiwe. Nimeona ilichowafanyia majirani zetu. Ninalosema, wanachama wenzangu, ni kwamba tunaweza kuyajua maneno yote ya kazi fulani na bado tukamkana anayeifanya. Usiku ule niliweza kutaja kotama na karara bila kigugumizi, lakini nilishindwa kutaja chungu cha mama.

Asubuhi nilimpigia simu. Siku hizi hapiki tena; magoti hayamruhusu kuinama kwenye bati. Nilimwambia kwamba mkwe wake anataka kuja kufundishwa jinsi busaa inavyopikwa. Kulikuwa na kimya, kisha kicheko.

"Kufundishwa? Mwalimu mzima?" alisema. "Basi njooni. Mlete sukari na mafuta. Bati bado lipo, kuku hulalia."

Nilimwomba pia namba ya rafiki yangu. Hakuuliza sababu.

"Ninayo, mwanangu," alisema. "Yeye ndiye huniletea maji kila Jumamosi. Hukujua?"

Sikujua.

Ratiba imebandikwa ukutani sasa, kwa hati nadhifu ya mwalimu. Naivasha na Kaloleni zimesogezwa hadi Desemba, fedha zikipatikana. Ijumaa, saa mbili usiku: basi la Bungoma. Jumamosi, alfajiri: kushuka stendi. Mbele ya mstari wa tatu mke wangu ameandika, "Bodaboda," na kando yake akaacha nafasi ili mimi mwenyewe niandike jina la atakayetubeba. Nimeliandika. Kilichobaki ni kumpigia.