Nani Amechukua Stepla Yako?



Leo ni Jumatatu. Najua wengine mnasoma haya mkiwa ndani ya matatu, na moyo umeshaanza kuwa mzito kabla hata hamjafika kazini. Neno hili ni lako.

Kuna sinema ya vichekesho ya Marekani inaitwa Office Space, ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Mike Judge. (Ina matusi, kwa hivyo usiiweke watoto wakiwa sebuleni.) Kijana mmoja, Peter, anaandika programu za kompyuta katika kampuni moja, na ana mabosi wanane. Wanane! Akisahau kuweka karatasi ya juu kwenye ripoti, wanakuja mmoja baada ya mwingine kumkumbusha jambo lile lile. Printa nayo inawasumbua mpaka siku moja yeye na wenzake wanaibeba hadi uwanjani na kuivunjavunja. Wewe wa ofisini unacheka kwa sababu unaijua hiyo hasira.

Lakini anayenigusa ni Milton. Milton anaongea kwa sauti ya chini na hakuna anayemsikiliza. Meza yake inahamishwa mara kwa mara, mwishowe anapelekwa chini kabisa kwenye ghorofa ya mende. Keki ya sherehe inapitishwa mikononi mwake, yeye anakosa kipande. Bosi anachukua stepla yake nyekundu. Na kumbe alifutwa kazi miaka 5 iliyopita, hakuna aliyemwambia! Mshahara uliendelea kuingia kwa hitilafu tu. Walipogundua, walikata mshahara kimya kimya na bado hawakumwambia.

Tunacheka, lakini kuna mtu anasoma hapa na huyo Milton ni yeye. Umefundisha watu kazi, wamepandishwa cheo, wewe uko pale pale. Jina lako halisomwi.

Nisikilize vizuri. Uchungu ukikaa moyoni hauketi bure, unatafuta mlango. Milton alichoma jengo. Peter na rafiki zake waliamua kuiba vipande vya senti, kidogo kidogo, wakisema hakuna atakayeona. Kwa kosa la hesabu, siku chache tu zikawa zaidi ya dola 300,000, na usingizi ukaisha! Mpendwa, hivyo ndivyo shetani huanza: “Chukua tu kidogo, si wanakudhulumu?” Kudhulumiwa hakukupi leseni ya kuiba.

Sasa soma Mwanzo 31. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20, na mshahara wake ukabadilishwa mara kumi. Mchana jua, usiku baridi, usingizi hakuna. Mnyama akiraruliwa, Yakobo alilipa yeye. Lakini Mungu aliona mateso yake na kazi ya mikono yake, akamtokea Labani usiku na kumwonya. Labani alikuwa bosi, lakini hakuwa wa mwisho. Haleluya!

Sisemi unyamaze ukidhulumiwa. Yakobo mwenyewe alisema kila kitu mbele ya Labani, uso kwa uso. Dai haki yako, tafuta kazi nyingine ukiweza, lakini mikono yako ibaki safi.

Na wewe uliye bosi, Wakolosai 4:1 ni yako. Kuna Bwana juu yako pia. Leo mtafute Milton wa ofisi yako, mwite kwa jina, na umrudishie stepla yake.

Tuombe: Baba, waone watoto wako wasioonekana kazini. Ondoa uchungu mioyoni mwao, linda mikono yao, na uwafungulie mlango ambao hakuna Labani anaweza kuufunga. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha umtumie mwenzako mmoja ambaye Jumatatu imemlemea.

Mchungaji wako anakupenda.