Chupa Mbili

Asubuhi ya pili baada ya mke wangu kupasuliwa moyo, nilimfokea muuguzi. Naanza na hilo kwa sababu linaniaibisha mpaka leo.

Valvu yake iliharibiwa na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, wakambadilishia. Nilipoambiwa himoglobini yake ni 8.2, nilipandisha. Nimekulia nyumba ambamo mgonjwa mwenye viganja vyeupe huongezewa damu, basi. "Mbona hamumwekei damu? Mnangoja afe?"

"Baba, tunamwangalia," alijibu taratibu. "Hajafika pa kuongezewa."

Nikadhani anataka chai. Ndugu yangu uliyewahi kukaa benchi lile, unajua hofu inavyomtafutia mtu mchawi.

Jioni daktari alinikalisha. Mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji hujazwa maji ya dripu kwanza, kwa hiyo damu ya mgonjwa huchujuka. Figo zikitoa maji, hukolea tena kiasi. Na damu ya mtu mwingine si uji: yaweza kujaza maji mapafuni, au mwili ukaikataa. Akanitajia utafiti uliotolewa mwaka 2017, wa wagonjwa karibu 5,000 wa upasuaji wa moyo katika nchi 19. Waliongojewa mpaka himoglobini ishuke chini ya 7.5 hawakupata vifo, kiharusi wala figo kufeli zaidi kuliko walioongezewa mapema, na damu iliyotumika ilipungua. Nilitikisa kichwa kukubali. Moyoni nilikataa.

Usiku ule akavuja damu. Himoglobini ikashuka hadi 6.8, na safari hii hakuna aliyengoja nifoke. Zilitundikwa chupa mbili, moja baada ya nyingine.

Nilikaa nikiitazama ile ya kwanza. Haikuwa na jina la mtu, namba tu, na kundi: O chanya. Kundi langu. Nilikuwa na miaka 43 na sikuwa nimewahi kuchangia hata tone. Hata tulipoombwa ndugu wa kuchangia kabla ya upasuaji, niliwatuma mashemeji, nikasema nina kazi. Kazi yenyewe sikuwa nayo, naogopa sindano. Mtu nisiyemjua alikuwa ameshanilipia, na mimi ndiye niliyekuwa nikidai kwa kelele.

Mke wangu alipona polepole. Mimi nilikwenda kuchangia nikitetemeka mpaka aliyenitoa damu akacheka. Siku hizi narudi kila miezi mitatu, na sindano bado naiogopa.

Yule muuguzi nilimfuata kumwomba radhi. Kabla sijamaliza, akaniuliza, "Mama anaendeleaje?"